Mkongojo wa Hamali

Nilikwenda Nepali kwa nia ya kuandika habari za milima, na milima nimeiona. Walakini kilichonifuata hadi nyumbani, kikawa kinanijia usiku kabla ya usingizi, ni kipande cha mti kisichofika kiuno cha mtu mzima, kilichoundwa mfano wa herufi T, ambacho wenyewe hukiita tokma.

Nilikiona mara ya kwanza siku ya pili ya safari, katika mwinuko mkali uanziao kwenye daraja la kamba za chuma na kuishia Namche, mji ulioko mita 3,440 juu ya bahari. Mbele yangu alikuwa akipanda kijana mwembamba, miguuni kandambili, mgongoni doko, yaani tenga la mianzi pana juu na jembamba chini, na juu ya tenga makasha ya vinywaji na mtungi wa gesi vilivyofungwa kwa kamba hata nikawa simwoni kichwa. Mabegani hakuwa na mkanda wowote. Mzigo mzima ulikuwa ukishikwa na utepe mpana uliosukwa kwa nyuzi, uitwao namlo, upitao chini ya tenga na kupanda hadi utosini, basi ni shingo na uti wa mgongo vilivyokuwa vikihimili yote. Alikwenda hatua zipatazo 40, akasimama. Mkono wake wa kulia ukaupeleka ule mkongojo nyuma pasipo yeye kugeuka, kichwa cha T kikaingia chini ya kitako cha tenga, na uzito uliokuwa ukimvuta utosini ukateremka kwenye mti, na kutoka kwenye mti ukateremka kwenye jiwe. Hakuketi, wala hakuvua utepe. Alitoa pumzi kwa mluzi mrefu mwembamba, akavuta nyingine mbili tatu, akaurudisha mkongojo mbele, akashika njia. Nilimhesabu mara kumi na moja, na kila mara ilikuwa vile vile, hata ikanidhihirikia kwamba huku kusimama kwake kulikuwa sehemu ya mwendo wenyewe.

Kiongozi wetu, ambaye kila mtu njiani alimwita dai, yaani kaka mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo, alikuwa hamali miaka tisa kabla ya kupata cheti cha uongozi. Ni mtu wa kabila la Rai, kutoka vilima vya chini vya wilaya ya Solukhumbu, wala si Msherpa kama wageni wengi wadhaniavyo. Nilipomuuliza kwa nini yule kijana haketi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki hatoki majini.

"Akiuweka chini, nani atamwinua?" akasema. "Mzigo kama ule watu wawili hukutwika asubuhi. Njiani huna watu wawili. Una tokma."

Akanieleza kwamba tokma hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe, kuanzia ardhini hadi kitako cha tenga anaposimama ameinama kidogo, kwa hiyo ya mtu mwingine haikufai hata mkiwa ndugu. Ikizidi urefu hukusukuma mbele, ikipungua hukulazimisha kuchuchumaa, na kuchuchumaa chini ya mzigo ule ndiko kunakovunja magoti. Juu yake huchongwa mbonyeo mdogo ili tenga lisiteleze. Ile aliyoitumia miaka yake tisa ingali kwao, nyuma ya mlango, na mkewe huitumia kufungia zizi.

Historia ya matembezi haya ya kuelekea Everest msomaji anaijua kwa sehemu kubwa, nami sitairefusha. Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kileleni mwa Everest tarehe 29 Mei 1953. Mwaka 1964 Hillary na wenzake wakajenga uwanja wa ndege wa Lukla, na mwaka huo huo Jimmy Roberts, afisa mstaafu wa jeshi la Waingereza, akafungua Kathmandu biashara ya kuwatembeza wageni milimani. Watu wa kwanza aliowaongoza, mwaka 1965, walikuwa wanawake watatu wa Kimarekani. Tangu hapo mlango umekuwa wazi kwa mwalimu, karani na mstaafu, watu wasiojua kamba wala shoka la barafu, ili mradi wana miguu, subira na nauli, nao hutembea hadi kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, mahali ambapo hewa ina takriban nusu tu ya kanieneo iliyo nayo pwani.

Nusu hiyo ya hewa ndiyo kazi ya kiongozi. Juu ya mita 3,000 haifai mtu alale mita zaidi ya 500 juu ya alipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne hana budi kutua siku nzima, maana asiyetua huanza kwa kuumwa kichwa na kukinai chakula, na akipuuza huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, maradhi ambayo dawa yake ya hakika ni kushuka, na kushuka saa ile ile. Kiongozi wetu hakuwa akitutazama tunapopanda. Alikuwa akitutazama jioni mezani. "Anayelalamika simwogopi," alisema. "Namwogopa aliyenyamaza na sahani yake imejaa." Neno alilolikariri kutwa lilikuwa bistari, bistari, nalo kwa Kiswahili ni lile lile wanalolisema viongozi wa Kilimanjaro tangu lango la Marangu: pole pole. Akaongeza kwamba sisi wageni hupumzika tukishachoka, ilhali hamali hupumzika kabla hajachoka, na kwamba lau tungeiga jambo hilo moja, nusu ya wagonjwa wake wasingeugua.

Wako wataalamu waliolishughulikia jambo hili kwa mizani na vipimo. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wanawake wa Kenya, Wakikuyu wabebao kwa mkanda wa kipajini na Wajaluo wabebao kichwani, huchukua hadi humusi ya uzito wa miili yao pasipo kuzidisha jasho la kutembea mikono mitupu. Mwaka 2005 watafiti wa Ubelgiji, miongoni mwao mmoja aliyekuwamo katika kazi ile ya Kenya, wakatangaza matokeo ya kuwapima mahamali wa kupeleka bidhaa sokoni Namche, mwendo wa kilomita 100 hivi, wenye kupanda kwa jumla ya zaidi ya mita 8,000. Mzigo wa mwanamume ulikuwa kwa wastani asilimia 93 ya uzito wake mwenyewe, wa mwanamke asilimia 66, na takriban mwanamume mmoja katika kila watano alipita asilimia 125. Kwa mizigo mizito waliwashinda hata mama zetu kwa uchache wa nguvu iliyotumika. Hila yao haikujulikana. Na wataalamu hao, katika uchunguzi wa mwendo wenyewe uliotangazwa mwaka 2016, hawakuona ndani yake ufundi wowote wa kuufumbua muujiza ule.

Nilimsimulia dai haya usiku mmoja katika kijiji cha Dingboche, kando ya jiko la samadi. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akauchukua mkono wangu na kuuweka utosini pake. Palikuwa na mfuo, mpana kama vidole vitatu, laini, usio na nywele. Hakusema neno, akavaa kofia.

Katika vilima vya kwao, alinieleza kesho yake, kando ya njia hujengwa jukwaa la mawe liitwalo chautara, lenye kimo cha kumwezesha hamali kutua mzigo bila kuinama, na pembeni hupandwa mti wa kivuli. Aghalabu mjenzi hujenga kwa ajili ya marehemu wake, ili kila apumzikaye awe amemwongezea thawabu. Nilikumbuka visima vya kwetu pwani, vichimbwavyo kuwa sadaka yenye kuendelea.

Lakini kuna jambo ambalo hakulijibu, nami sikupata wa kunijibu: kikomo cha mzigo ni kwa nani. Hamali wa mtalii huwekewa kikomo, ambacho kampuni zenye insafu hukitaja kuwa kilo 30. Yule abebaye gesi na vinywaji vya nyumba atakamolala mtalii huyo huyo hulipwa kwa kilo, basi huongeza mwenyewe kwa hiari, kama ni hiari. Na wengi wao ni watu wa nchi za chini kama mimi na wewe. Kimo huwaletea maradhi sawasawa nasi. Mwaka 1997, baada ya hamali kijana kufa kwa maradhi ya kimo alipoachwa nyuma na msafara wake, liliundwa shirika la kimataifa la kuwatetea. Dai mwenyewe aliwahi kumshusha mwenzake usiku, ndani ya doko, akiwa yeye ndiye mbebaji. Nilimuuliza kama alipona. Akasema, "Alifika kwao," kisha akatangulia mbele.

Msomaji, ukijaaliwa kwenda, iwe Himalaya au Kilimanjaro, kabla hujalipa uliza nani atachukua begi lako, kilo ngapi, atavaa nini, atalala wapi, na akiugua nani atamshusha. Na asiyekujibu usimpe fedha zako. Kisha pima begi lako kwa mkono wako. Langu lilikuwa kilo 14, likafungwa pamoja na la mwenzangu kuwa mzigo wa mtu mmoja. Kati ya kilo hizo 14, kilo tano sikuzigusa njia nzima. Zilipanda hadi Gorak Shep, mita 5,164, zikashuka tena, juu ya utosi wa mtu.