Kwa Nini Mgonjwa Huombwa Kufungua Kinywa Kabla ya Upasuaji

Wakazi wengi wanaolazwa hospitalini kwa upasuaji hushangaa mtaalamu wa dawa ya usingizi anapowaomba wafungue kinywa na kutoa ulimi, ilhali kinachopasuliwa ni mguu au tumbo. Ukaguzi huo wa dakika chache unaweza kuokoa maisha.

Dawa ya usingizi humlaza mgonjwa fofofo na kulegeza misuli yake. Kwa kuwa hawezi kupumua vyema peke yake, mara nyingi hupitishiwa mrija kooni ili apate hewa. Kwa watu wengi kazi hiyo ni rahisi. Kwa wachache, mrija hukataa kupita. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, mgonjwa anaweza kupata ulemavu wa kudumu au kufariki. Ndiyo sababu ugumu huo hutafutwa mapema, mgonjwa akiwa bado macho.

Mambo yanayokaguliwa

• Nafasi kinywani: Mgonjwa huketi wima, hufungua kinywa na kutoa ulimi bila kutoa sauti. Kipimo hiki kilielezwa na Dkt. Seshagiri Mallampati mwaka wa 1985. Kilimi kikionekana chote, ni dalili njema. Kisipoonekana kabisa, tahadhari huongezwa.

• Upana wa kinywa: Vidole vitatu vya mgonjwa vinafaa kuingia kati ya meno ya juu na ya chini.

• Kidevu na shingo: Umbali wa chini ya sentimita 6 kutoka kidevuni hadi kwenye kongomeo, au shingo isiyoweza kuinama nyuma, huashiria ugumu.

• Hali nyingine: Meno yanayotikisika, ndevu nyingi, uvimbe wa tezi shingoni, makovu ya moto, unene, ujauzito na kukoroma sana usiku.

Dalili hizi hazimaanishi kwamba upasuaji utafutwa. Mtaalamu anaweza kutumia kifaa chenye kamera, kupitisha mrija mgonjwa akiwa macho baada ya koo kutiwa ganzi, kuchagua sindano ya ganzi ya mgongoni, au kumpa rufaa.

Maelezo ya mgonjwa ni muhimu

Vipimo hivi havigundui kila kitu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 188,000, ulionyesha kuwa asilimia 93 ya visa vya ugumu wa kupitisha mrija havikuwa vimetarajiwa. Kwa hivyo wahudumu hujiandaa kwa njia mbadala kila mara, na historia ya mgonjwa huwa na uzito mkubwa.

Kabla ya upasuaji, mkazi anashauriwa:

1. Kueleza iwapo aliwahi kupata matatizo ya kupumua au ya mrija alipopewa dawa ya usingizi.
2. Kutaja meno bandia au yanayotikisika, hata asipoulizwa.
3. Kufuata maagizo ya kufunga. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula angalau saa 6 kabla, na maji saa 2 kabla, kwani matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mgonjwa akiambiwa baada ya upasuaji kwamba mrija ulipita kwa shida, aombe jambo hilo liandikwe. Karatasi hiyo aihifadhi pamoja na kadi yake ya hospitali, na jamaa mmoja wa karibu aarifiwe. Katika dharura ijayo, huenda asiweze kujieleza mwenyewe.