Bessie Coleman: Muhula Mmoja wa Chuo, Kisha Angani

Wanachuo wenzangu, tukisikia fulani kaacha chuo kwa kukosa ada, mara nyingi tunaifunga habari yake hapohapo. Mimi nasomea ualimu, na maisha ya rubani Bessie Coleman yananikataza kufanya hivyo.

Bessie alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892, kwenye familia maskini ya wakulima wa pamba. Alijiunga na chuo huko Langston, Oklahoma, lakini akiba yake iliishia muhula mmoja tu. Akarudi nyumbani. Baadaye alihamia Chicago, akawa anatengeneza kucha za wateja kwenye duka la kinyozi. Kaka yake John, aliyepigana Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akamtania kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege, yeye hawezi. Utani ule ukamkaa.

Shule za urubani za Marekani zilimkataa: ni mweusi, tena mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alijifunza Kifaransa, akadunduliza, akatafuta wafadhili, akapanda meli. Alisomea mjini Le Crotoy, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Hakuna mwanamke mweusi wa Marekani aliyemtangulia.

Aliporudi, riziki yake ikawa maonyesho ya sarakasi za angani. Lakini lengo lake lilikuwa kufungua shule ya urubani kwa ajili ya weusi. Na si kila hela aliipokea: huko Texas aligoma kuruka mpaka watazamaji weusi na weupe waruhusiwe kupita lango moja.

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, alipanda ndege na fundi wake kukagua eneo la onyesho. Hakufunga mkanda, maana alitaka kuchungulia chini vizuri. Spana ikanasa kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akaanguka. Alikuwa na miaka 34, na shule hajaifungua.

Miaka 3 baadaye, William Powell akaanzisha Los Angeles klabu ya urubani yenye jina la Bessie, na weusi wakajifunza kuruka.

Wenzangu tutakaoshika chaki, wanafunzi wa namna hii tutakutana nao. Tukumbuke tu: kukosa ada na kukosa uwezo ni vitu viwili tofauti kabisa.