Yeremia 29:11 ni Sehemu ya Barua

Msimu wa mahafali ukifika, Yeremia 29:11 huandikwa kwenye kadi, kwenye keki na kwenye fulana za wahitimu. Mkesha wa mwaka mpya wengine huuchukua kuwa neno la mwaka, wakasimama nao hadi Desemba. Haishangazi. Humo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anachowapangia ni heri wala si balaa, na kwamba mbele yao kuna tumaini. Nani asiyelihitaji neno hilo?

Lakini mstari huo ni sehemu ya barua, na barua ina aliyeiandika, walioandikiwa na sababu ya kuandikwa. Namba tunazozitumia kutafutia maandiko zilikuja baadaye sana: mgawanyo wa sura tulio nao huhusishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kupata mahali upesi. Hasara yake ni kwamba zimetuzoesha kuudondoa mstari mmoja kama punje ya mtama, suke tukaliacha shambani.

Mwaka 597 KK Nebukadneza wa Babeli aliitwaa Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wafua chuma. Kitabu cha pili cha Wafalme kinataja mateka elfu kumi. Yeremia alibaki Yerusalemu, na ndiye aliyewaandikia waliochukuliwa. Barua yake ilibebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe ambao Sedekia, mfalme aliyemfuata Yekonia, alikuwa anawatuma kwa Nebukadneza.

Mateka walitamani kusikia nini? Rudi nyuma sura moja tu. Nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Yekonia na mateka wote watakuwa wamerudi nyumbani, kisha anaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, iliyokuwa ishara ya utawala wa Babeli, na kuivunja. Hebu fikiria mzazi ambaye mwanawe amechukuliwa akiyasikia maneno hayo. Yeremia mwenyewe aliitikia amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Tatizo ni kwamba Mungu hakuwa amesema.

Barua inasema kinyume chake. Jengeni nyumba, mkae. Limeni bustani, mle mazao yake. Oeni, mwozesheni watoto wenu, muwaone wajukuu. Uombeeni amani mji mliopelekwa, kwa kuwa ukistawi nanyi mtastawi. Kisha inataja miaka sabini ya Babeli, na hapo ndipo mstari wa 11 unapoingia. Sasa piga hesabu. Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK. Mtu aliyechukuliwa akiwa na umri wa miaka thelathini angekuwa anakaribia tisini. Wengi walioisikia barua hii walizikwa ugenini, na ahadi ilikuwa ya kweli kwao vilevile, kwa sababu walipewa kama taifa, wao na watoto wao. Hapa ndipo naona tunajipunja. Tukiufanya mstari huu uwe dhamana ya ajira au ndoa ya mwaka huu, tunamrudia Hanania bila kujua, na yule ambaye mwaka unamwishia bila ajira wala ndoa anabaki akijilaumu kwamba imani yake ni haba.

Mateka wengi walifanya kama walivyoambiwa. Vibao vya udongo kutoka kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, kusini mwa Iraki ya leo, vilichapishwa kwa wingi mwaka 2014. Cha zamani kabisa ni cha mwaka 572 KK. Humo tunawakuta watu wa Yuda wakilima shayiri, wakitunza mitende, wakikopeshana na kulipa kodi. Wengi majina yao yamebeba jina la Mungu wa Israeli, katikati ya nchi ya miungu mingine.

Je, ahadi hii ni yetu? Ni yetu, kwa njia ya Kristo. Petro katika waraka wake wa kwanza anawaita waumini wageni na wapitaji, na anafunga kwa salamu kutoka Babeli, jina ambalo wasomi wengi wanalielewa kuwa ni Roma. Kanisa la kwanza lilijiona katika hali ya wale mateka. Kwa hiyo ukiupokea mstari wa 11, pokea na wa 5 hadi wa 7.

Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya mbali, ambaye begi lake bado halijafunguliwa na kila wiki anafuatilia uhamisho, ana la kufanya leo: afungue begi, apande mboga nyuma ya nyumba, ayajue majina ya watoto, akiombee kile kijiji kwa moyo wote. Kuomba uhamisho si dhambi. Lakini amani yake imefungamanishwa na amani ya mahali alipo sasa. Nitie angalizo moja: barua haimwambii mtu anayepigwa au kunyanyaswa abaki palepale. Mateka hawakuwa na njia ya kuondoka. Mwenye njia na aitumie.

La kuuombea mji ndilo gumu kuliko yote. Babeli iliwapora vyombo vya hekalu na ndugu zao. Zaburi ya 137 inaonyesha uchungu uliokuwa vifuani mwao, na Mungu hakuuficha uchungu huo. Ameuacha ndani ya Biblia uombwe. Bado aliwataka wamwombee aliyewaumiza.

Tuna msomaji mmoja wa Yeremia ndani ya Biblia yenyewe. Katika Danieli 9, mzee Danieli, naye mateka huko Babeli, anasoma habari za ile miaka sabini na kuona imekaribia kutimia. Anafunga, anavaa gunia, anajipaka majivu, anaomba. Yeremia 29:12 ilikuwa imesema kwamba watu watamwita Mungu naye atawasikia, na Danieli anaanza kumwita. Anaungama makosa ya taifa akisema sisi, ingawa kitabu hakisimulii kosa lake hata moja. Kuanzia mstari wa 4 hadi wa 19 haombi kitu kwa ajili yake binafsi: anauombea mji, patakatifu na watu. Na hakuna mahali Biblia inaposema kwamba Danieli mwenyewe alirudi Yerusalemu.