Miziki yetu iko mu simu, lakini majina iko wapi?

Mu Butembo na mu Beni, mutu akitaka wimbo hatafuti tena kaseti. Anapeleka kadi memori kwa kijana mwenye ordinatere pembeni ya barabara, analipa franka kidogo, anarudi nyumbani na miziki mingi: Franco, Tabu Ley, Koffi, kwaya za kanisa na nyimbo za Kinande za hapa hapa. Wengine wanapokea kwa WhatsApp. Ni vizuri. Lakini fungua ile kadi uangalie: nyimbo nyingi zimeandikwa tu « Piste 01 » ao namba ndefu. Nani aliimba? Mwaka gani? Mu kijiji gani? Hakuna.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita kandokando ya pori ya Ituri na masini ya kurekodi. Alirekodi Wanande, Wabudu, Wambuti na wengine. Mwaka wa 1954 akaanzisha ILAM, nyumba ya kutunza miziki ya Afrika, ambayo leo iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu ya rekodi zile ilitolewa kwa CD huko Uholanzi, kwa jina On the Edge of the Ituri Forest. Ni kusema mupenzi wa miziki mu Utrecht anaweza kusikiliza Wanande wa 1952 na kusoma ni watu gani, kumbe mujukuu wa mwimbaji hajui hata kama babu yake alirekodiwa.

Tracey alikuwa na desturi moja ya maana: kila wimbo aliuandikia karatasi yenye mahali, lugha, vyombo na mara nyingi majina ya waimbaji. Njo maana mwaka wa 2014 ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi waliweza kutafuta watu mu Kenya na kurudishia jamaa zao nakala za nyimbo. Moja ni « Chemirocha » ya Wakipsigis, iliyorekodiwa 1950. Wao walisikia Mwamerika Jimmie Rodgers kwenye gramafoni, wakageuza jina lake, wakatunga wimbo wao wenyewe. Kupenda muziki wa mugeni kulizaa urizi wa kwao. Bila ile karatasi, nani angepata mulango wa kubisha?

Ngambo ya Ruwenzori, kwa ndugu zetu Wakonzo, watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos waliandika mwaka wa 1982 juu ya nyimbo za Rwenzururu, zile za watu waliolalamikia utawala wa Toro. Mu nyimbo zile watafiti walisoma historia.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye liste ya urizi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tulifurahi wote. Lakini rumba haikulindwa na ofisi peke yake. Wapenzi wake njo waliilinda: wale wazee wenye kubishana mu nganda nani alipiga gitare mu wimbo gani. Kile kichwa cha mupenzi ni maktaba. Nyimbo zetu za Kinande nazo zinahitaji wapenzi wa namna ile.

Na wakati hautungoji. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamefukuza watu mu vijiji vingi. Muzee anayekimbia usiku habebi filimbi yake. Akifia ukimbizini, wimbo unaenda naye.

Basi, kijana mwenye simu, fanya hivi. Kwanza omba ruhusa. Kuko nyimbo za matanga na za jando ambazo haziendeke kila mahali. Kisha, mbele ya kuimba, muzee aseme jina lake, kijiji, tarehe na maana ya wimbo. Faili uipatie jina. Weka nakala pahali pawili, juu simu inaibiwa, kadi inaharibika. Wanafunzi wa Université Catholique du Graben wanaotafuta kichwa cha mémoire, kazi iko hapa. Na redio zetu zisifute bande za zamani.

Wewe msomaji, mu simu yako kuko sauti ya muzee gani? Kama angali hai, muulize jina la ule wimbo wiki hii.