Nzi wa Ndizi na Siri ya Viungo vya Mwili

Nyumba yenye ndizi mbivu haikosi vijinzi vyenye macho mekundu. Mama huvifukuza kwa kitambaa. Baba naye, arudipo kutoka zamu, huuliza kwa nini matunda hayakufunikwa. Hata hivyo, mdudu huyo anayedharauliwa ndiye aliyewafunulia wataalamu jinsi kiumbe kinavyopata kila kiungo mahali pake.

Katika gwaride, kila askari husimama mahali pake kwa amri. Mwilini pia mna amri, nazo ni jeni, yaani maagizo ya urithi yatokayo kwa wazazi. Chembe za mguu na chembe za bawa zina jeni zile zile. Tofauti yake ni kwamba baadhi ya jeni zimeamshwa na nyingine zimenyamazishwa.

Mtaalamu mmoja aliyechunguza jambo hilo kwa miaka mingi ni Edward Lewis wa Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa wa hali ya hewa jeshini. Mwaka 1946 akarejea kwa nzi wake huko Pasadena, California. Nzi ana mabawa mawili tu, na nyuma yake vijirungu viwili vya kumsawazisha arukapo. Lewis alipokusanya katika nzi mmoja hitilafu kadhaa za jeni iitwayo Ultrabithorax, vijirungu viligeuka mabawa, nzi akawa na mabawa manne. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia bawa lisiote mahali hapo. Amri ilipokosekana, sehemu ile ya mwili iliiga jirani yake. Mwaka 1978 Lewis alieleza kwamba jeni hizo zimejipanga kwa utaratibu ule ule wa sehemu za mwili, toka mbele hadi nyuma.

Lakini ni nani anayeziamuru jeni hizo? Huko Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitangaza mwaka 1980 jeni 15 zinazougawa mwili wa kiluwiluwi cha nzi katika pingili. Baadaye ikajulikana kwamba amri ya kwanza hutoka kwa mama: huweka ujumbe kwenye ncha ya mbele ya yai, nao hupungua nguvu kadiri unavyoelekea nyuma. Hivyo mbele hujulikana kuwa mbele. Wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Habari hizi zinahusu pia malezi ya nyumbani. Binadamu ana jeni 39 za ukoo huo. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba hitilafu katika mojawapo, HOXD13, huwafanya watoto wa baadhi ya familia wazaliwe na vidole vilivyoungana au vya ziada. Hitilafu hiyo yaweza kutoka kwa baba au kwa mama.

Mara nyingi mtoto wa namna hiyo huleta ugomvi: mama hushutumiwa, jirani hushukiwa uchawi. Kweli, si kila kilema hutokana na jeni. Maradhi na dawa fulani wakati wa mimba huweza pia kumdhuru mtoto. Kwa hiyo mjamzito na aende kliniki mapema, na mtoto aonyeshwe kwa daktari. Lawama haijapata kutenganisha vidole vya mtoto yeyote.