Ukisafiri hadi Minnesota, chunga miguu

Watu wengi wa Kisii na Nyamira wana watoto au ndugu katika jimbo la Minnesota, Marekani, na wazazi hualikwa huko kuwaona wajukuu. Wazee hawa huniuliza kama ndege itawapandishia presha. Aghalabu haipandishi. Hewa ya ndani ya ndege hulinganishwa na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii wenyewe uko karibu mita 1,700. Labda Mswahili wa Mombasa ndiye atakayehisi tofauti!

Hatari iko katika kuketi. Hebu piga hesabu, msomaji. Kutoka Kisii hadi Nairobi kupitia Narok ni kama kilomita 300, saa sita hivi ukiwa umebanwa ndani ya matatu. Nairobi hadi Amsterdam ni karibu kilomita 6,700, zaidi ya saa nane angani. Amsterdam hadi Minneapolis ni karibu masafa yayo hayo tena, saa tisa hivi. Damu ya miguuni hurudishwa juu kwa kusukumwa na misuli. Misuli isipofanya kazi, damu hutuama katika mishipa ya ndani na huweza kuganda. Bonge likikatika na kufika mapafuni, linaweza kuua.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hii karibu mara mbili, iwe ni ya ndege, basi au gari. Hata hivyo humpata msafiri mmoja hivi kati ya 6,000, kwa hivyo usirudishe tiketi. Lakini ikiwa umewahi kugandwa na damu, umepasuliwa karibuni, una saratani, u mjamzito au umejifungua majuzi, muone daktari kwanza.

Mimi huwashauri wazee walale Nairobi usiku mmoja kabla ya kupanda ndege. Omba kiti cha kando ya njia, utembee kila baada ya saa moja au mbili. Ukiketi, inua visigino na kuvishusha. Kunywa maji, uache pombe na dawa za usingizi. Aspirini usimeze eti kwa kuwa jirani alimeza.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo ni kawaida, hupungua baada ya siku chache. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa moto, hata wiki kadhaa baada ya kufika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi au kifua kikikuchoma ghafla, wanao wapige 911.

Mwenye kisukari abebe insulini katika mkoba wa mkononi, kwani kwenye shehena inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Tena Minnesota iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa, kwa hivyo siku ya safari huwa ndefu na ratiba ya sindano hubadilika. Mpelekee daktari wako tiketi yenye saa za safari akupangie kabla hujaondoka.