Kwa Nini Nilimtetea Bien Hadi Jirani Akaniandikia

Wiki iliyopita niliandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp, ya sisi tuliomaliza shule pamoja, kwamba albamu ya kwanza ya mwimbaji Bien akiwa peke yake hatukuitendea haki. Nikawa nimechokoza nyuki. Mmoja akasema Bien bila bendi yake, Sauti Sol, ni githeri bila maharagwe, yaani mahindi tu. Mwingine, ambaye hakosi kutukumbusha kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani, akasema watu wa majuu husifu chochote chenye Kiswahili ndani kwa sababu ya upweke. Hilo la upweke liliniuma. Ndiyo maana naandika.

Turudi nyuma kidogo. Sauti Sol ilianza Nairobi mwaka 2005. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wameshazoeana kuimba bila ala, kisha Polycarp Otieno akaja na gitaa lake. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Mwaka 2014 wakatwaa tuzo ya MTV ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Mei 2023 wakatangaza kwamba wanapumzika, bila kusema watarudi lini, na Novemba wakatuaga kwa tamasha la Sol Fest. Mwezi huohuo Bien akatoa Alusa Why Are You Topless?, nyimbo 16 kwa mpigo. Alusa ni jina lake mwenyewe. Na suala la kuvua shati si geni: video ya "Nishike" ya 2014 ilizua zogo ambalo shangazi zangu hawajalimaliza hadi leo.

Angalia hizo tarehe. Tulikuwa bado matangani, mmoja wa wafiwa akatokea bila shati. Nani angemsikiliza kwa utulivu?

Malalamiko ya wasikilizaji ninayoyasikia ni matatu. La kwanza, albamu ni ndefu. Nakubali. La pili, imechanganya mno: huku Scar Mkadinali anachana kwenye "True Love", kule Ayra Starr wa Nigeria yuko kwenye "My Baby". Lakini Sauti Sol nao waliimba na Alikiba, wakaimba na Patoranking, na hakuna aliyelalamika. La tatu ndilo lenye uzito: zile sauti za pamoja hazipo. Kwenye bendi mmoja alianza mstari, mwenzake akaupokea, na sikio likapumzika. Hapa sauti ni ileile ya Bien, nzito, yenye mikwaruzo, wimbo baada ya wimbo. Ukiwa unangoja Savara aingie, utangoja hadi mwisho, kisha utasema albamu ina kasoro.

Ili nijibu kwa ushahidi, Jumapili nikaunganisha spika, nikaanza wimbo wa kwanza. Ilikuwa saa nane mchana, si usiku. Kufikia jioni nilipata barua imebandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye sanduku langu la posta, haina jina.

Hapa Hannover, Ujerumani, Jumapili si siku, ni sheria. Maduka yamefungwa. Ukutani hutoboi tundu. Hata chupa tupu huruhusiwi kuzitupa kwenye pipa la vioo, zisije zikalia. Jambo lenyewe limo kwenye katiba: ile ya 1949 ilirithi kifungu cha katiba ya Weimar ya 1919, kinachoilinda Jumapili kama siku ya kupumzika kazi na kuinua roho. Mimi roho yangu ilikuwa imeinuka vizuri sana na "Too Easy" ya albamu hiyo, lakini aina hiyo ya kuinuka naona haihesabiwi. Wajerumani wana neno Zimmerlautstärke, yaani sauti isiyotoka nje ya chumba chako. Kwetu sauti isiyotoka nje ya chumba inaitwa ugonjwa.

Na kinachoudhi zaidi, kila mwezi nyumba yangu inalipa yuro 18.36 kwa ajili ya redio na televisheni za umma, uwe na redio usiwe nayo. Nalipia muziki nisiousikiliza, na ninaousikiliza naandikiwa barua. Kwetu jirani angepiga hodi, angelalamika, angekaa, angekunywa chai.

Barua alinisomea binti yangu wa miaka minane, maana Kijerumani chake kimenipita. Alipomaliza akanirekebisha namna ninavyotamka Zimmerlautstärke, mara tatu, kama mwalimu. Kisha akatazama jina la albamu kwenye simu na kuuliza kama Alusa hasikii baridi. Nikamwambia Nairobi hakuna baridi hivyo. Akasema basi awe na shati la mikono mifupi.

Kaka yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa kimya, kichwa kinatikisika. "Too Easy" ameshaiweka kwenye orodha yake, katikati ya rapu za Kijerumani ambazo sitaki kujua zinasema nini. Nikaona hapo ndipo pa kumfundisha historia. Nikamwekea "Sura Yako" ya Sauti Sol, kwa sauti ya chumbani. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mama, hao wengine wanaomwitikia Bien ni akina nani?"

Nilitaka kumkaripia, nikacheka. Yeye hana kiti kitupu anachokitazama. Sisi tulihesabu viti, tukasema tumesikiliza albamu.

Kwa hiyo jibu langu kwa grupu ni hili: ipunguzwe nyimbo nne, zilizobaki zinasimama zenyewe. Isikilizeni tena kama hamjawahi kuijua Sauti Sol. Na kama uko Ujerumani, subiri Jumatatu.